Walio Hewani Mferejini

Kila asubuhi, kabla hajainjika maji ya chai, Anande alifungua kompyuta na kutazama nani yuko hewani Kikwe.

Ukurasa wenyewe haukuwa na mambo mengi. Juu palikuwa na ujumbe wa mgawa maji, na chini yake orodha ya majina, kila jina na kitone chake cha kijani. Mkulima akifungua ukurasa huo kwenye simu yake, jina linaingia, akiufunga, linatoka. Saa hizo mlima Meru ulikuwa bado umefunikwa na wingu mpaka kiunoni, na jacaranda za Sekei zilikuwa zimemwaga maua barabarani usiku kucha. Anande alikaa na blanketi mabegani akiangalia majina yakija mojamoja, kama mtu aliyekaa dirishani akiangalia majirani wakifungua milango yao. Kazi haikumtaka afanye hivyo. Alikuwa anasubiri jina moja tu.

Elieshi, lango la sita.

Likishaingia, aliinuka akaenda kuinjika chai.

Elieshi alikuwa dada yake wa tumbo moja. Hawakuwa wamegombana. Watu wakisikia ndugu hawasemezani hutafuta kosa liko wapi, lakini hapa halikuwepo. Ni kwamba tangu Elieshi aolewe Kikwe na Anande ahamie mjini, habari zao zote zilikuwa zinapita kwa mama yao, kijijini Nkoaranga. Elieshi alimpigia mama akamwambia maharage yameshikwa na kutu. Mama akampigia Anande: maharage ya dada yako yameshikwa na kutu, na wewe uvae soksi, nasikia Sekei kuna baridi. Jioni mama akampigia tena Elieshi kumwambia mdogo wako ana mafua lakini anakula. Waliishi hivyo miaka mingi, kila mmoja akijua mwenzake amekula nini, bila kupigiana simu.

Mama alifariki mwaka juzi. Walizika pamoja, wakalia pamoja, wakafua mashuka ya msiba pamoja kwenye bomba la nje, wakaagana vizuri. Baada ya hapo kila mmoja akasubiri habari za mwenzake zije kwa njia ileile iliyozoeleka, na hazikuja. Wiki zikawa miezi. Kadiri siku zilivyopita ndivyo simu ilivyozidi kuwa nzito mkononi, maana sasa ukipiga itabidi kwanza ueleze ulikuwa wapi siku zote hizo.

Kisha ikaja kazi ya mfereji. Chama cha watumia maji cha huko Kikwe kilikuwa kimechoshwa na ugomvi. Mgawa maji wao, mzee Kaanaeli, alilaumiwa kila msimu kwamba anawafungulia maji watu wa ukoo wake na wengine anawapita. Na ilikuwa kweli kwamba maji yakifunguliwa kwenye shamba ambalo mwenyewe hayupo, yanakata matuta na kupotelea barabarani. Basi kampuni ndogo ya Reginald, Mchaga wa Kibosho, ambayo ofisi yake ilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga pale Sekei na mtengeneza programu wake alikuwa Anande anayelala chumba cha nyuma, ikapewa kazi ya kutengeneza ukurasa. Utaratibu ukawa mwepesi. Zamu yako ikifika, uwe shambani, na uwe hewani. Kaanaeli akiona jina lako, anafungua lango lako. Asipoliona, anashuka lango linalofuata, na hakuna wa kumlaumu.

Anande alipoingiza majina ya wakulima kwa mara ya kwanza alikutana na la dada yake, katikati ya majina mengine, limeandikwa kwa herufi kubwa kama yote. Alilitazama kwa muda. Hakumwambia Reginald kitu. Kwa upande wake yeye aliwekwa kwenye orodha kama Msimamizi, bila jina.

Alizoea haraka. Akajua kwamba Elieshi huingia alfajiri, jogoo wa jirani akiwika. Akajua kwamba kuna siku hutoka mchana na kurudi jioni, akawa anafikiri: kaenda sokoni Usa River, au kaenda kusaga. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulielewa. Elieshi alikuwa hewani hata siku ambazo zamu yake ilikuwa mbali kabisa. Wengine walifungua ukurasa siku ya maji tu, lakini kitone cha Elieshi kiliwaka kila siku. Anande hakuuliza. Alikunywa chai yake akiwa na ule utulivu wa mtu aliyekaa na ndugu yake chumba kimoja, kila mmoja na shughuli yake.

Oktoba hiyo Reginald alikuja na taarifa kwamba kile kifurushi cha programu walichokitegemea, kinachofanya ujumbe ufike papo kwa papo bila mtu kufungua ukurasa upya, kilikuwa na tundu.

"Toleo letu limepitwa na wakati," alisema. "Watu wasiohusika wanaweza kupenya. Pandisha lile jipya kabla chama hakijasikia."

Anande alilipandisha mchana ule, wakati malango yamefungwa. Alijitumia ujumbe wa majaribio, ukafika. Akatuma wa pili, nao ukafika, tena kwa kasi zaidi. Hakuna kosa lililojitokeza wala onyo. Akafunga kompyuta akaenda kununua mkaa.

Asubuhi yake, blanketi mabegani, aliona chini ya ujumbe wa mgawa maji maneno ambayo aliyaandika yeye mwenyewe zamani na hakuwahi kuyaona yakitokea: Hakuna aliye hewani.

Alifikiri bado amelala. Nje kulikuwa na ukungu mzito, mti wa jirani hauonekani, na ukurasa ule mweupe ulikuwa kama sehemu ya ukungu huo. Ilikuwa kana kwamba Kikwe nzima imeamka, ikabeba majembe yake na kuondoka bila kuaga. Kisha ujumbe wa Kaanaeli ukaingia.

"Maji yapo banioni, kichwani mwa mfereji. Mbona hamna mtu?"

"Nipo mzee," akajibu mmoja.

"Nipo tangu saa kumi na mbili," akajibu mwingine.

"Tupo jamani."

Na chini yao, palepale, ukurasa ukaendelea kusema hakuna aliye hewani. Anande alisoma juu, akasoma chini, akasoma tena juu. Watu wanasema wapo, na mashine inasema hawapo, na mashine ndiyo aliyoitengeneza yeye.

Simu yake ikalia. Alikuwa Kaanaeli, na sauti ya maji nyuma yake.

"Mwanangu, hapa mimi nafanyaje? Chama kimesema niangalie majina. Majina hakuna."

"Subiri kidogo mzee wangu. Kosa ni la huku kwetu."

"Nafunga banio. Nikifungua bila majina, kesho nitaitwa kikaoni."

Reginald alipofika alisimama mlangoni na helmeti ya pikipiki mkononi, akasikiliza, akasema kwa upole kwamba wanaweza kurudisha toleo la zamani. Anande akatikisa kichwa. Tundu lilikuwa bado ni tundu. Akaanza kusoma maelezo ya toleo jipya tangu mwanzo, polepole, kidole kikifuata mistari.

Kosa alilipata kabla chai haijapoa. Katika toleo la zamani, orodha ya waliounganishwa ilikuwa imewekwa wazi, na programu yake ilikuwa inachungulia tu na kuyasoma majina. Toleo jipya lilikuwa limeyahamishia kwenye chombo cha namna nyingine. Ukikichungulia kwa njia ya zamani, hakikugombezi, kinakuonyesha kuwa ni kitupu. Watu walikuwa wamo humo muda wote. Sasa ilitakiwa kuuliza, nani yupo, kisha kusubiri majibu yakusanyike ndipo uendelee. Anande alifuta mistari yake ya zamani akaandika mingine: uliza, subiri, kisha andika majina.

Wakarudi. Philemoni, lango la kwanza. Evaresta, lango la nne. Sifaeli, lango la saba. Vitone vikawaka kimoja kimoja, na Kaanaeli akaandika kwamba anafungua banio, na Reginald akavaa helmeti yake akaenda zake kwenye shughuli nyingine. Anande akabaki ameketi, mikono mapajani.

Lango la sita halikurudi.

Alijiambia siyo zamu yake. Alijiambia labda ameenda kusaga. Mchana ukapita, jioni ikapita, na kesho yake asubuhi jina halikuwepo. Badala yake aliona kitu kingine kwenye kumbukumbu za seva, mstari uleule ukijirudia: simu moja, isiyo na jina, ilikuwa inabisha kuingia kwa namna ya toleo la zamani, inakataliwa, inapumzika kidogo, inabisha tena. Alfajiri ilianza, mchana ikanyamaza, jioni ikaanza tena. Anande alifikiri ni mmoja wa wale wapenyaji ambao Reginald aliwasema. Akaridhika kwamba mlango mpya unafanya kazi.

Alitoa simu yake akatafuta namba ya dada yake. Jina lilikuwa pale, Dada Elieshi, chini ya jina la Mama ambalo hakuwahi kulifuta. Aliliangalia mpaka kioo kikafifia chenyewe. Angesema nini? Kwamba nakutazama kila asubuhi, na leo sikukuona?

Alilala mchana huo, jambo ambalo si kawaida yake, akaota yupo jikoni Nkoaranga, anaongea na mama ambaye amempa mgongo anapepeta mahindi. Anamuuliza dada hajambo, na mama anajibu, lakini kelele za ungo zinafunika jibu. Aliamka na jasho shingoni, ng'ombe wa mtu fulani wakipita nje na kengele.

Kisha ikafika zamu ya Elieshi. Anande alikuwa mezani tangu mapema. Aliangalia maji yakishuka kwenye ujumbe wa Kaanaeli: lango la nne limeshiba, lango la tano limeshiba. Halafu:

"Lango la sita halina mtu. Nashuka la saba."

Anande akasimama. Akamwandikia Reginald kwamba anakwenda kuangalia simu za wakulima, akatia kompyuta begini, akapanda gari la Usa River na kutoka hapo akachukua bodaboda. Njia ya kwenda Kikwe ilikuwa na vumbi jepesi lililosimama hewani baada ya kila pikipiki, na ndani ya vumbi hilo vitu vilitokea na kupotea, mama mwenye ndoo, mbuzi, ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa. Kulia kwake Meru ulikuwa umebaki kilele peke yake, hauna chini, umekaa juu ya wingu. Dereva aliongea njia nzima na Anande hakusikia hata neno moja.

Alimkuta Kaanaeli kwenye kona ya mfereji, amekaa juu ya jiwe, mabuti ya mpira miguuni na simu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko sauti yake ya kwenye simu.

"Shikamoo mzee Kaanaeli."

"Marahaba. Wewe ndiye Msimamizi?"

"Ndiyo mimi."

Alimwangalia vizuri. "Una sura ya marehemu Susana wa Nkoaranga."

"Ni mama yangu."

"Basi ni kweli tulivyoambiwa. Hapo juu ni kwa dada yako." Alielekeza kwa kidevu. "Nimempita asubuhi. Sikutaka, lakini nimempita."

"Hakuwepo shambani?"

Kaanaeli alivua kofia akaiangalia ndani. "Alikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu haya, amesimama pale na jembe lake, tukasalimiana. Nikaangalia simu, jina hakuna. Nikamwambia, mama, jina lako halipo. Akasema najua. Nikamwambia unanielewa lakini. Akasema nakuelewa, pita tu." Alirudisha kofia kichwani. "Mimi niliitwa mwizi wa maji miaka mingi kwa sababu ya macho yangu. Hilo jambo la majina ndilo lililoniokoa. Leo nikifungua kwa macho, kesho Philemoni naye atataka nimfungulie kwa macho."

Anande alitaka kukasirika, akaona hana wa kumkasirikia. Walikuwa wamekaa pembeni ya mfereji, maji yanapita mbele yao yakielekea lango la saba, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani makavu na bua moja la muhindi. Alimuaga mzee akapanda juu kwa kufuata ukingo.

Shamba la Elieshi lilikuwa na mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele. Majani yalikuwa yamejikunja kwa kiu, kila moja limejiviringa kama sigara, na upepo ulipopita yalitoa sauti ya karatasi. Elieshi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha migomba mpakani, miguu ameinyoosha, kanga kiunoni. Alimwona mdogo wake akija kutoka mbali. Hakuinuka wala hakuita. Alimwacha aje mpaka afike, kama mtu anayeogopa kwamba akijitikisa kitu anachokiona kitaondoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akasogea, akampisha kwenye gunia alilokalia. "Umetembea juani bila kofia."

Anande akaketi. Bega la dada yake lilikuwa na joto la jua na harufu ya majani ya nyanya. Wakakaa. Kuku wa nyumbani walikuwa wanachakura karibu yao, na kwa muda mrefu wale kuku ndio waliokuwa na la kusema.

"Nimekuja kwa ajili ya simu," Anande alisema mwishowe. "Jina lako halionekani."

"Hii hapa."

Elieshi alitoa simu kifuani, ya zamani, kioo chake kina ufa wa pembeni. Ukurasa wa mfereji ulikuwa wazi. Katikati yake duara dogo lilikuwa linazunguka, na chini ya duara neno moja: Inaunganisha. Halafu duara likasimama kidogo. Halafu likaanza tena kuzunguka.

Anande aliangalia duara lile likisimama na kuzunguka. Aliujua mwendo huo. Ndio ule wa kwenye kumbukumbu za seva, kubisha, kukataliwa, kupumzika, kubisha tena. Mgeni ambaye aliridhika kwamba mlango umemzuia alikuwa ni huyu aliyekaa naye gunia moja.

"Imeanza lini kuzunguka hivi?"

"Tangu ile siku mzee Kaanaeli alipofunga banio. Naiwasha asubuhi, inazunguka. Naizima nipeleke chakula, nikirudi naiwasha, inazunguka."

"Hukuufunga ukurasa ukaufungua upya?"

"Siufungi," Elieshi alisema. "Sijawahi kuufunga. Yule kijana wa chama alinifungulia siku ile ya kwanza, na mimi mambo haya siyajui, niliogopa nikiufunga hautarudi."

Hapo Anande akaelewa yote kwa pamoja. Wengine walikuwa wanafungua ukurasa upya kila siku ya zamu, kwa hiyo simu zao zilikuwa zimepata toleo jipya bila wao kujua. Simu ya Elieshi ilikuwa bado imeshikilia ukurasa wa zamani, ikiongea lugha ambayo seva haikuikubali tena. Akaelewa pia kwa nini kitone chake kiliwaka kila siku, hata siku zisizo za maji, na akahisi aibu kidogo kwa mambo yote aliyokuwa ameyafikiria, soko na mashine ya kusaga.

"Kumbe ni hivyo," alisema. "Nilikuwa nashangaa, kila siku upo hewani na zamu siyo yako."

Elieshi alichuma jani la mgomba lililokauka akaanza kulichana nyuzi nyuzi.

"Kutoufunga ni hilo la kuogopa," alisema. "Lakini kuiwasha kila asubuhi ni jambo lingine. Mwenyekiti alituambia kikaoni, huu ukurasa umetengenezwa na binti wa marehemu Susana, yupo Sekei. Watu wakageuka wakaniangalia mimi, na mimi sikuwa najua. Nikatabasamu kama niliyejua." Akachana uzi mwingine. "Nilipopewa, nikaona mwisho wa orodha kumeandikwa Msimamizi. Nikasema, huyo ni yeye. Basi ikawa nikiamka naangalia. Msimamizi yupo, najua umeamka salama, naenda kukamua ng'ombe. Siku ukichelewa nakaa kidogo nasubiri."

Anande aliziokota nyuzi za jani zilizomwangukia mapajani.

"Ilipoanza kuzunguka sikuwaza maji. Niliwaza wewe. Nikasema labda ofisi yao imefungwa. Nikasema labda anaumwa. Jana nimemwomba Mungu kanisani kwa jina lako, na hata sikujua naomba nini."

"Ungenipigia, dada."

"Na wewe ungenipigia."

Halikuwa lawama. Lilisemwa kwa sauti ileile ya kusema jua limekuwa kali. Anande alikiegemeza kichwa chake begani kwa dada yake, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo, na Elieshi akaendelea kuchana jani. Wingu lilishuka kidogo kwenye mlima ng'ambo ile, likapanda. Mahindi yalitoa sauti yao ya karatasi. Mara moja Anande aliona kama mama yao yupo nyuma yao kwenye migomba, anafanya kazi fulani ya mikono, na hakugeuka kuangalia kwa sababu hakukuwa na haja.

"Mama alikuwa anatuharibu," Elieshi alisema. "Kila kitu alikuwa anasema yeye."

Anande akacheka kwa pua, na machozi yakatoka hapohapo.

Baadaye akaichukua ile simu. "Sasa nitaufunga huu ukurasa, halafu nitaufungua."

"Utarudi?"

"Utarudi."

Elieshi alitazama pembeni wakati mdogo wake anaufunga, kama anavyotazama pembeni mtu anayechomwa sindano. Ukurasa ukapotea. Kisha ukaja, bila duara, na majina yakashuka moja baada ya jingine, la mwisho likiwa Elieshi, lango la sita, na kitone chake. Msimamizi hakuwepo. Elieshi alilitafuta jina hilo kwa kidole mpaka mwisho wa orodha.

"Mbona wewe haupo?"

"Nipo hapa."

"Aa," alisema Elieshi, akaiweka simu juu ya gunia.

Lakini mahindi yalikuwa bado na kiu, na zamu nyingine ilikuwa mbali. Anande alifungua kompyuta magotini, akaunganisha na bando la simu yake, akaingia kama Msimamizi. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mara hii kwa jina lake.

"Wana mfereji, mimi ni Anande, ndiye niliyetengeneza ukurasa huu. Nilibadilisha toleo na sikuwaambia kila mtu afungue ukurasa upya. Mwenye lango la sita alikuwepo shambani tangu alfajiri na alikuwa anabisha. Mimi ndiye sikumfungulia. Mzee Kaanaeli amefuata utaratibu. Kosa ni langu. Mwenye lango la sita ni dada yangu, nalisema hili ili lisisemwe baadaye."

Aliutuma. Kuku wakapita. Evaresta wa lango la nne akaandika kwanza, kwamba hata yeye alimwona pale asubuhi. Philemoni akaandika kwamba Msimamizi angesema hayo mapema. Halafu Sifaeli wa lango la saba, ambaye maji yalikuwa kwake wakati huo, akaandika kwa kifupi kabisa:

"Kwangu yameshatosha. Mzee, mpandishie mama Elieshi."

Kaanaeli hakuandika kitu. Baada ya muda walimwona akija kwa ukingo, mabuti yakilia, akasimama kwenye lango la sita. Alitoa simu kwenye nailoni, akasoma jina kwa sauti kana kwamba yuko kikaoni, "Elieshi, yupo," akainama akang'oa ubao.

Maji hayakuja kwa haraka. Kwanza ilikuja harufu yake, harufu ya udongo uliopashwa moto kisha ukaloweshwa, halafu ukaja ulimi mwembamba wenye povu na majani, ukitambaa ndani ya mtaro, ukisimama kwenye kila shimo mpaka lijae, ndipo unasogea. Elieshi aliingia na jembe akafungua tuta la kwanza. Anande alivua viatu akamfuata. Udongo ulikuwa wa moto juu na baridi chini. Alifanya kama anavyoona dada yake anafanya, anaziba kwa mguu hapa, anafungua kwa mkono pale, na maji yakawa yanatembea pamoja nao kutoka tuta hadi tuta, bila haraka, yakiangaza vipande vya anga. Hakuna aliyezungumza, isipokuwa Elieshi kusema sogea, au hapo tena, au acha linywe. Jua lilikuwa limelegea. Mahali fulani katikati ya shamba Anande alisimama akasahau alichokuwa anafanya, maji yamefika vifundoni, na majani pande zote yakianza kujikunjua taratibu kiasi kwamba ukiyatazama huoni kitu, ukigeuka ukarudi unakuta yamebadilika.

Alilala huko siku ile. Walikula ndizi za nyama na maziwa ya mgando, watoto wa Elieshi wakamwonyesha madaftari yao, na kabla taa hazijazimwa alikuwa amelala tayari kwenye kiti, kinywa wazi. Asubuhi alirudi Sekei na mkungu wa ndizi ambao dereva wa bodaboda alilalamika juu yake njia nzima. Kazi ya kwanza aliyoifanya ofisini ilikuwa kuweka tangazo: simu yoyote inayobisha kwa toleo la zamani isikataliwe kimyakimya, ionyeshwe maandishi ya kumwambia mwenyewe aufunge ukurasa na kuufungua tena, na kwamba utarudi. Reginald alisoma, akauliza kwa nini hayo maneno ya mwisho. Anande akasema watu wa Kikwe watayahitaji.

Jumapili, baada ya ibada, simu yake ikalia. Alikuwa anafagia. Aliona Dada Elieshi kwenye kioo, akadhani kuna msiba.

"Dada, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mahindi yametoa nywele."

"Ya matuta ya juu au ya chini?"

"Yote."

"Vizuri."

Wakanyamaza. Wote wawili hawakuwa na mazoea ya jambo hili, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwasaidia. Anande alisikia upande ule kuku, na mtoto akiuliza kitu, na Elieshi akimjibu kwamba subiri, naongea na mama yako mdogo. Lakini hakuwa anaongea. Baada ya hapo ikaja sauti ya maharage makavu yakimwagwa kwenye sinia na vidole vikiyachambua. Anande aliweka simu dirishani, sauti juu, akaendelea kufagia chini ya kitanda, polepole ili ufagio usipige kelele sana.